Nimemaliza sesheni 12 za akupancha (tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano nyembamba) kwa ajili ya mgongo na sonona (depresheni), haya ndo niliyoyaona

Nilijiwekea ahadi kwamba sitaandika neno mpaka nimalize sesheni zote 12, kwa sababu kabla sijaanza nilisoma maoni mengi sana, huyu kaenda mara moja karudi anasema kapona kabisa, yule kaenda mara moja karudi anasema ni utapeli mtupu, na wote wawili hawakunisaidia kuamua chochote. Kwahiyo haya ni maoni ya mtu aliyelala kwenye kile kitanda kila wiki kwa miezi 3, na sasa hivi imepita miezi mingine 4 tangu nimalize.

Kwanza mjue mnayemsoma ni mtu wa namna gani. Mgongo wangu wa chini unauma mwaka wa 6 huu, maumivu yanashuka nyuma ya paja la kushoto hadi karibu na goti. Picha nimepigwa, hamna kitu cha kupasua, nimefanya fiziotherapi, nimemeza vidonge vya kila rangi. Madaktari wanayaita maumivu sugu yakishapita miezi 3, mimi miezi nilishaacha kuihesabu zamani. Na katikati ya hiyo miaka ndo sonona ikaingia, haikupiga hodi, nilikuja kushtuka tu kwamba simu ikiita naiangalia mpaka inakata, kuoga naona ni kazi kubwa, saa 9 usiku niko macho natazama dari mpaka kunakucha. Daktari akanipa lile dodoso la maswali 9 linaloitwa PHQ-9, alama zake zinaanzia 0 hadi 27, zikipanda ndo sonona nzito zaidi, mimi nikapata 17. Nikaanzishiwa dawa, nikapelekwa kwenye ushauri nasaha, na vyote viwili vilinisaidia, sitaki mtu anielewe vibaya hapo. Ila vilinifikisha mahali vikasimama, nikawa naishi lakini kama mtu anayetembea ndani ya maji.

Kitu ambacho mtu asiyeumwa haelewi ni jinsi haya mawili yanavyolishana. Mgongo ukiuma hulali, usipolala mgongo unauma mara mbili, ukiumwa unaacha kutembea, usipotembea mwili unakaza, na watu unaanza kuwakwepa kwa sababu umechoka kujibu swali la "bado tu unaumwa?". Alafu sio maneno matupu, ndani ya mwili ndivyo ilivyo. Kemikali za ubongo zinazoitwa serotonini na noradrenalini zinahusika na hali ya moyo, na hizo hizo ndo ubongo unazitumia kwenye neva zinazoshuka uti wa mgongo kwenda kuyatuliza maumivu. Ndo maana dawa kama duloksetini inaandikwa kwa sonona na pia inaandikwa kwa aina fulani za maumivu sugu. Kwahiyo mtu akikwambia "maumivu yako ni mawazo tu" hajui anachokisema, na akikwambia "sonona yako itaisha mgongo ukipona" huyo naye kaona nusu.

Sasa nilifikaje kwenye sindano. Nilikutana na utafiti wa Uingereza, wa watu wa Chuo Kikuu cha York na wenzao, ulitoka mwaka 2013 kwenye jarida la PLoS Medicine. Walichukua wagonjwa 755 wenye sonona wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa akupancha, wengine ushauri nasaha, wengine wakabaki na matibabu yao ya kawaida, na hawa wa makundi mawili ya kwanza nao hawakunyang'anywa matibabu yao ya kawaida, waliongezewa tu. Sesheni zilikuwa hadi 12, za kila wiki. Baada ya miezi 3 akupancha ilikuwa imeshusha alama za PHQ-9 kwa karibu 2.5 zaidi ya matibabu ya kawaida peke yake, ushauri nasaha kwa 1.7 hivi. Sio tofauti ya kumfanya mtu aruke ruke, nawaambia ukweli. Ila kilichonikamata ni uchambuzi mwingine wa data hizo hizo uliotoka 2014, waliangalia wale waliokuwa na sonona pamoja na maumivu, ambao walikuwa karibu nusu ya wagonjwa wote, na wakaona kwa hao wenye maumivu sonona ilipungua zaidi kwenye kundi la akupancha kuliko kwenye ushauri nasaha na kuliko kwenye matibabu ya kawaida. Nilisoma hapo nikarudia mara tatu, kwa sababu ni kama walikuwa wananizungumzia mimi.

Mtoa huduma wa kwanza niliyeenda sitamtaja na wala sikurudi kwake. Hatukumaliza dakika 5 akaniambia niache dawa za sonona ili "sindano zifanye kazi vizuri". Jamani. Dawa hizi ukizikata ghafla mwili unakusumbua, kizunguzungu, kichefuchefu, hasira zisizo na sababu, na sonona yenyewe inaweza kurudi kwa nguvu. Kupunguza dozi ni jambo la kupanga na daktari aliyekuandikia, taratibu, sio la kuamuliwa na mtu ambaye hata hajakuuliza unameza nini. Niliondoka nikiwa nalia kwa sababu nilikuwa nimekusanya nguvu za wiki nzima kufika pale. Nawaandikia hili mapema ili mlijue, mtu yeyote wa sindano akikwambia uache dawa, vaa viatu vyako uondoke.

Wa pili ndo huyu ninayemsifia. Mama mtu mzima, sauti ya chini, hana haraka. Siku ya kwanza nilikaa naye karibu saa nzima kabla hajagusa sindano. Aliuliza usingizi, tumbo, hedhi, jasho, baridi ya miguu, akanishika mapigo ya mikono yote miwili, akaangalia ulimi. Hayo ni ya kwao ya asili ya Kichina. Alafu akauliza na yale ya hospitali, kama natumia dawa za kuyeyusha damu, kama nina ujauzito, kama nina betri ya moyo, kama nimewahi kuzimia. Alafu akaniangalia usoni akauliza, "Dada, umewahi kufikiria kujidhuru?" Hivo hivo, bila kuzunguka. Nikamjibu ukweli kwamba zamani ndiyo, sasa hivi hapana. Akaniambia likirudi hilo wazo nisisubiri siku ya sesheni, niende hospitali siku hiyo hiyo, na akataka ajue daktari wangu ni nani na kama anajua nimekuja. Kwangu mimi huo ndo ulikuwa mtihani wake na aliupasi pale pale.

Sindano zenyewe, maana najua wengi hapa ndo mnapoogopa. Sio kama zile za hospitali zenye tundu za kupitisha dawa, hizi ni nyembamba sana, robo milimita hivi, hazina kitu ndani. Kila moja ilitolewa kwenye pakiti yake iliyofungwa mbele ya macho yangu na ikimaliza inatupwa kwenye kopo la vitu vyenye ncha, hakuna kurudia. Anaweka kimrija kidogo cha plastiki kwenye ngozi, anagonga kwa kidole, unasikia kama umeumwa na mbu, wakati mwingine husikii chochote. Kitu kikubwa kinakuja baadaye anapoizungusha kidogo, unasikia uzito, kama mtu kakuwekea kidole gumba ndani ya msuli akakandamiza, au ganzi inayosambaa. Wachina wanaita de qi. Ukisikia mchomo mkali kama umeme basi sema, asogeze, usijikaze, mimi siku ya kwanza nilijikaza na haikuwa na maana yoyote.

Nililala kwanza kifudifudi, sindano za mgongoni, nyuma ya goti, kwenye shavu la mguu, alafu nageuka, moja utosini, moja katikati ya nyusi, nyingine kwenye vifundo vya mikono, chini ya goti, juu ya unyayo. Ya katikati ya nyusi ndo niliyoiogopa kuliko zote na ndo niliyokuja kuipenda, kuna utulivu fulani unashuka usoni siwezi kuuelezea vizuri, taya zinaachia, unagundua ulikuwa umezikaza toka asubuhi. Anakuacha dakika 25 hivi, kengele iko karibu na mkono, taa imepunguzwa.

Baada ya sesheni ya kwanza hamna kilichobadilika isipokuwa uchovu, nililala mchana kama mtoto. Ya pili nikatoka mgongo unauma zaidi, siku nzima na nusu, nikampigia simu akasema inatokea, ikizidi siku 2 nimwambie. Ikaisha. Ya tatu ndo kilitokea kitu cha kwanza cha maana, na hakikuwa kwenye mgongo. Nililala saa 4 usiku nikashtuka saa 11 alfajiri. Nikaangalia saa nikadhani imeharibika. Ndugu zangu, kama hujawahi kukosa usingizi mzito kwa miaka hutanielewa, nilikaa kitandani nikasikiliza ndege nje na nikajiona nina nguvu ya kusikiliza ndege.

Sesheni ya tano nililia pale kitandani. Hakuna kilichoniuma, hakuna nilichokuwa nakiwaza, machozi tu yakaanza kushuka kwenye masikio kwa sababu nilikuwa chali na mikono ina sindano siwezi kujifuta. Mama akaja, akanifuta kwa taulo ya karatasi, hakuniuliza chochote, akaweka mkono wake begani akasimama pale. Niliporudi kwa mshauri wangu wa nasaha wiki ile tuliongea mambo ambayo kwa mwaka mzima nilikuwa naishia kuyasema juu juu. Kwahiyo mtu akiniuliza kipi kilisaidia, sindano au ushauri, kwangu mimi siwezi kuvitenganisha, kimoja kililegeza na kingine kikapata pa kuingilia.

Ya sita na ya saba nilitaka kuacha. Usingizi umekuja, ila mgongo uko pale pale, na kila wiki kutoka, kwenda, kulala, kurudi, ukiwa na sonona hata kuvaa nguo za kutoka ni safari. Nikamwambia. Akabadilisha, akaanza kuunganisha sindano za mgongoni na kimashine cha umeme mdogo, unasikia tik tik tik kwenye msuli, hauumi. Na akaniambia nianze kutembea dakika 10 baada ya kila sesheni wakati mwili bado umelegea. Kati ya hayo mawili sijui lipi lilifanya kazi zaidi, nilifanya yote, ila kufikia ya tisa nilikuwa natembea nusu saa.

Matokeo kwa namba, maana nilikuwa naandika kwenye daftari kila Jumapili. Maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10 yalikuwa 7 yakawa 5. PHQ-9 ilikuwa imeshuka kutoka 17 hadi 14 kwa dawa na ushauri kabla sijaanza sindano, mwisho wa sesheni 12 ikawa 8. Muone wenyewe, mgongo umepungua kidogo, moyo umepungukiwa mzigo mkubwa zaidi. Na hata hiyo 5 ya sasa sio sawa na 5 ya zamani, zamani maumivu yakija yalikuwa yananiambia maisha yameisha, sasa hivi yakija ni maumivu tu, nanyoosha mguu nasubiri yapite. Hilo ndo jambo kubwa ninalotaka kuwaambia kwenye maandishi yote haya. Kama unaenda kutafuta mgongo mpya utasikitika, ila kama una mgongo na sonona vimeshikana kama kamba iliyoviringika, huku ni mahali pazuri pa kuanzia kuifungua, ukiwa na matibabu yako mengine mkononi.

Swali la plasebo, yaani kwamba nafuu inaletwa na kuamini tu, linakuja kila mara kwahiyo nalijibu. Kuna uchambuzi mkubwa uliotoka 2018 uliokusanya majaribio 39 yenye wagonjwa 20,827 wa maumivu sugu, na ulionyesha sindano za kweli zinazishinda sindano za kuigiza, lakini pengo hilo ni dogo kuliko pengo kati ya sindano na kutofanya akupancha kabisa. Maana yake sehemu ya faida ni sindano na mahali zinapowekwa, na sehemu nyingine ni kulala, kuguswa, kusikilizwa, kuamini. Mimi hiyo sehemu ya pili siioni kama aibu, mtu mwenye sonona ni lini mara ya mwisho ameguswa kwa upole na mtu asiyemharakisha? Na kuhusu sindano zenyewe, tangu 1977 kuna jaribio lililoonyesha kwamba ukimpa mtu naloksoni, dawa inayozuia afyuni, ile nafuu ya maumivu ya akupancha inapungua, yaani mwili wenyewe unatoa vitulizo vyake vinavyofanana na afyuni. Kwa upande wa sonona peke yake ushahidi ni mwepesi zaidi, mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliangalia tafiti 64 zenye watu 7,104 na wakasema ubora wa ushahidi mwingi ni wa chini. Kwahiyo anayekuambia "imethibitishwa kutibu depresheni" anakuzidishia. Kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachoonekana, mwongozo wa 2021 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unaruhusu madaktari kuifikiria kozi moja ya akupancha, na humo humo wanataja mazoezi, tiba za kisaikolojia na dawa za sonona. Iko kwenye kundi na wenzake, sio peke yake juu ya kiti.

Mabaya sasa. Nilipata alama za damu kuvilia mara mbili, moja ya kwenye shavu la mguu ilikaa wiki. Siku moja nilienda tumbo tupu nikainuka haraka nikaona giza, akanilaza tena akanipa maji, toka hapo nakula kitu kidogo kabla. Kwa ujumla ni salama ikifanywa na aliyesomea, kuna ufuatiliaji wa Uingereza wa 2001 wa matibabu zaidi ya 34,000 ambao hakuna tukio zito lililoripotiwa, ila hatari kubwa kama sindano ya kifuani kufika kwenye pafu zipo japo ni nadra sana, na ndo maana nasisitiza uulize kasomea wapi, kasajiliwa na nani. Wenye dawa za kuyeyusha damu waseme mapema. Wajawazito waseme, kuna sehemu zinakwepwa kwa desturi. Wenye betri ya moyo wasikubali kile kimashine cha umeme.

Kitu kingine sikukipenda, maelezo. Nilikuwa nikiuliza kwa nini sindano ya mguuni inanituliza kichwa najibiwa qi, yaani nguvu ya uhai kwa elimu yao, imekwama kwenye ini. Naheshimu, ni elimu ya zaidi ya miaka 2,000, na UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2010. Ila mgonjwa anayeuliza anastahili kuelezwa na upande wa neva pia, mama alikuja kunielezea lakini mpaka nilipombana.

Na hii muiandike pembeni, haidumu yenyewe. Mwezi wa kwanza na wa pili baada ya kumaliza nilikuwa vizuri sana. Mwezi wa tatu usingizi ukaanza kukatika tena, saa 9 hiyo hiyo, nikaogopa sana kuliko nilivyowahi kuogopa kwa sababu sasa nilikuwa najua nina cha kupoteza. Nilimwambia daktari, nikamwambia mshauri, nikarudi kwa mama tukakubaliana mara moja kwa mwezi. PHQ-9 ya juzi ni 9. Dawa bado nameza dozi ile ile, mimi na daktari tumesema tutaongelea kuipunguza nikikaa sawa miezi 6 mfululizo.

Nyota natoa 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa ajili ya hilo la kutodumu na uzito wa kwenda kila wiki, sio kwa ajili ya yule mama, yeye ningempa 5. Kama unaanza, jipe angalau mara 6 kabla hujahukumu, andika usingizi wako na sio maumivu peke yake, maana kwangu usingizi ndo uliotangulia kubadilika na nisingekuwa naandika ningesema hamna kitu.

Kukaa kwenye kiti nilikuwa naweza dakika 15 kabla mguu haujaanza kuwaka. Haya yote nimeyaandika kwa mikao miwili, wa kwanza ulikuwa dakika 40.